Mama Yuko Kusini

Ungemwuliza mtu yeyote wa kichochoro kile cha Nam Định, kaskazini mwa Vietnam, Bi Nhàn yuko wapi, angekujibu bila kufikiri: yuko Kusini kwa mdogo wake, amekimbia baridi. Tena angekuongezea kwamba ana bahati, maana huko jua linawaka mwaka mzima na viungo havimsumbui mtu. Maneno hayo aliyatunga mwanawe, Quyết, na yalipotoka mlangoni mwake yakatembea yenyewe. Yakaingia sokoni, yakaingia kwa kinyozi, yakarudi nyumbani yamevikwa nguo nzuri kuliko yalivyotoka. Siku moja muuza tofu alimwambia Thoa, mke wa Quyết, kwamba amesikia bibi amenenepa.

"Kidogo," Thoa alisema. Akachukua tofu zake akaondoka, uso unawaka.

Bi Nhàn hakuwa Kusini. Alikuwa katika nyumba ya wazee nyuma ya tanuri za matofali, nje kidogo ya mji, chumba cha nyuma, kitanda cha dirishani.

Kiharusi kilimkuta anaosha mboga, kikamlaza upande mzima wa kulia. Thoa alimuuguza nyumbani mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Nyumba yao ilikuwa nyembamba kama behewa la treni, kitanda kiko juu, choo kiko chini, na ngazi zimesimama kama za kupandia mnazi. Siku walipoporomoka wote wawili, mkwe chini na mama juu yake, Quyết aliingia akawakuta wamekaa palepale, mama analia na mkewe anacheka kwa maumivu, kwa kuwa kuinuka ameshindwa. Ndipo alipokubali mama apelekwe huko. Ila alikubali kwa sharti.

"Watu wasijue, Mama Ngân," alisema. Ngân ndiye binti yao, alikuwa akisoma Hanoi. "Shangazi Mùi akisikia nimempeleka mama kwa watu baki, atasema nimemtupa."

Naye hakukosea. Kwa watu wa kule, mzazi hutunzwa na damu yake. Ukimpeleka kwingine, hata kuwe na vitanda vya dhahabu, umemtupa, na jambo hilo halina jina jingine.

Basi Thoa akawa anakwenda kumwona mama mkwe wake kama mtu anayekwenda kwa hawara. Akitoka kiwandani, anakoshona mikono ya mashati, anajifunga kitambaa usoni hadi chini ya macho, anapitia barabara ya mtaroni, anaegesha pikipiki nyuma ya ukuta. Majirani wakimwuliza, anasema amekwenda kutafuta vitambaa vya bei rahisi.

Nyumba yenyewe, ukiitazama kwa mbele, ilipendeza. Ilipakwa rangi ya waridi, ikatundikwa mapazia mapya, ikawekwa televisheni kubwa na vyungu vya maua ya krisanthemu. Juu ya lango palikuwa na bango la kitambaa jekundu lililosema kwamba hapa ubora wa huduma unapanda kila siku. Wakaguzi walipokuja walikaa vyumba vya mbele, wakanywa chai, wakapiga picha na wazee waliochanwa nywele, wakaenda zao. Vyumba vya nyuma vilikuwa ng'ambo ya jiko. Huko mapazia mapya hayakufika.

Ulikuwa msimu wa manyunyu, ule ambao nguo haikauki hata ukiianika juu ya jiko na kuta zinatoa jasho kama watu. Thoa aliingia na chupa ya uji wa mchele wenye nyama ya kusaga. Kabla hajaiweka, pua yake ilimwambia. Haikuwa harufu ya haja, hiyo alishaizoea. Ilikuwa tamu kidogo, kama embe lililosahauliwa ndani ya mfuko. Akamwinua mama bega, akafunua shati, akashusha nepi. Pale chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda ambacho ungeweza kutumbukiza yai la bata ndani yake. Kingo zake nyeusi, ndani rangi ya kijivu.

"Mama, kinauma?"

Bi Nhàn mdomo ulikuwa umepinda, lakini maneno yalitoka, polepole. "Hakiumi sana. Usimwambie Quyết. Ana kazi nyingi."

Mhudumu wa vyumba vya nyuma alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Hậu, mikono imebabuka kwa dawa ya kufulia. Thoa alimkuta jikoni anakoroga uji kwenye sufuria yenye upana wa gurudumu.

"Dada Hậu, mama yangu hugeuzwa lini?"

Hậu hakuacha kukoroga. "Nikuambie ukweli, au nikuambie kama tunavyomwambia mkaguzi?"

"Ukweli."

"Hugeuzwa nikipata nafasi. Na nafasi sipati." Akaufuta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Wa mbele wanageuzwa, wale wana watu. Yule mwana wa Bibi Lựu akifika, anafunua shuka kabla hajaamkua. Wanakuja ukoo mzima na machungwa yao, wanatugombeza, wanatutukana mpaka nyanya zetu waliokufa. Tunawachukia, dada, nisikufiche, lakini mama yao tunamgeuza. Hawa wa huku sasa," akaonyesha chumba kwa kidevu, "huyu wa mlangoni yuko Ujerumani kwa bintiye. Yule wa katikati anatibiwa Hanoi. Wako yuko Kusini. Nanyi mkija, mnakuja mmejifunika nyuso. Aliyejifunika uso atamgombeza nani?"

Thoa alikishusha kile kitambaa hadi shingoni. Akasema, "Kidonda kinanuka."

"Nimemwambia bosi. Nikirudia ataniambia mlango ulipo."

Bosi, Bi Tuyết, alimpokea ofisini kwa upole mwingi na kikombe cha chai. Alisikitika. Akasema wazee ngozi zao ni kama karatasi. Akatoa kopo la unga wa kupaka watoto wachanga. Lakini kumwita daktari wa nje, au kumtoa mzee, hilo lilitaka aliyeweka sahihi, na aliyeweka sahihi ni mwana.

"Wewe ni mkwe tu, dada yangu. Mlete mumeo, hata kesho. Au alete malalamiko kupitia ofisi ya kata, tutayashughulikia."

Alilisema hilo la kata huku anatabasamu, maana alijua. Katika ofisi ya kata alikaa Toản, binamu yake Quyết, na karatasi ikipita mezani kwa Toản, ukoo wote unakuwa umeisoma kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Jioni hiyo Quyết alimsikiliza mkewe akiwa anaosha miguu. Alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu mpole, mwenye kupenda kuimba akiwa peke yake.

"Nitakwenda," alisema. "Karamu ya kumkumbuka baba ikipita, nitakwenda."

"Kidonda hakijui karamu, Baba Ngân."

"Siku chache tu. Ukoo wote unakuja. Nikianza fujo sasa, itafika hapa pamoja nao." Akakausha mguu mmoja, akausahau wa pili kwenye beseni. "Wanampaka dawa, sivyo?"

"Unga wa watoto."

"Basi si wanampaka."

"Wewe umemwona mama lini?"

Quyết akautafuta mguu wa pili kwenye beseni. Hajamwona tangu siku alipoweka sahihi. Kila alipojaribu, lori lilikuwa na mzigo, au mvua, au kichwa kinamuuma. Thoa alijua si ukatili. Kuna watu jambo likiwazidi huliweka nyuma ya mlango, wakaegemea mlango.

Siku zile chache Thoa alifanya alichoweza. Alikwenda kabla ya zamu na baada ya zamu. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakipangusa, akamgeuza mama ubavu, akamwekea mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Akirudi anakuta mito imeanguka na mama yuko chali vilevile, uzito wote juu ya kidonda. Akamwomba Hậu, akampelekea biskuti. Hậu akamgeuza mara alizoweza, nazo hazikutosha. Kidonda kikaacha kunuka embe, kikanuka kitu ambacho Thoa hakutaka kukilinganisha na chochote. Kiwandani alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, shati baada ya shati, msimamizi akamwuliza kama amelewa.

Siku ya karamu alidamka, akachemsha kuku mzima mpaka ngozi ikawa ya manjano, akapika wali wa kunata uliotiwa wekundu, akakunja nem, zile sambusa ndefu za karatasi ya mchele, na kuzikaanga. Kufikia katikati ya asubuhi nyumba ilijaa viatu mlangoni na watu ndani, magoti kwa magoti juu ya mikeka. Shangazi Mùi, dada wa marehemu, alikalishwa karibu na meza ya mababu. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umekunjika, meno yamepakwa weusi kama wanawake wa zamani. Alikuja na mfuko wa longan, matunda madogo matamu, zilizokaushwa.

"Za wifi yangu," alisema. "Mtampelekea Kusini. Sasa nipigieni simu nimwone uso. Wajukuu zangu wananiambia siku hizi mtu anaonekana mpaka meno."

"Mtandao wa kule mbovu, shangazi," Quyết alisema.

"Mbovu tangu mwaka jana?"

"Labda bibi kanenepa, haenei kwenye simu," Toản alisema, watu wakacheka. Quyết naye akacheka, na Thoa, aliyekuwa anapitisha vikombe, aliona jasho juu ya mdomo wake.

Simu ya Thoa ililia jikoni. Alikuwa Hậu, anaongea chini kama mtu aliye stoo.

"Dada, mama anachemka. Hajameza kitu tangu jana, sasa nikimwita haitiki. Bosi hayupo. Mimi sina la kufanya. Fanya wewe unaloweza."

Thoa alimfuata mumewe, akamwambia sikioni. Quyết alikuwa ameshashika vijiti vya udi.

"Nikishachoma udi," alinong'ona. "Nikishachoma tu, Mama Ngân, twende."

Sasa, kuna jambo moja la watu wale. Siku ya kumkumbuka marehemu, mwana mkubwa husimama mbele ya meza ya mababu na kumwita baba yake aje kula. Na anapomwita humpa habari za nyumba: mji fulani, kichochoro fulani, fulani yupo hapa, fulani yuko mbali na mahali pake ni hapa. Marehemu ndiye anayewalinda. Usipomwambia mtu yuko wapi, atamlindaje? Aliye hai unaweza kumdanganya ukaendelea kula. Aliyekufa haambiwi uongo. Ukimpa anwani isiyo yenyewe, anakwenda kulinda kitanda kitupu.

Quyết akainua vijiti usawa wa paji la uso. Akataja mji, akataja kichochoro, akajitaja yeye, akamtaja Thoa, akamtaja Ngân aliyeko Hanoi masomoni na mtaa anaokaa. Halafu akawakaribisha mababu kwenye chakula.

"Simama hapo," alisema Shangazi Mùi.

Quyết akasimama, mgongo kwa watu.

"Umemruka mama yako. Anayerukwa ni yule aliyekwisha kufa. Rudia. Mwambie kaka yangu mke wake yuko wapi."

Udi ulikuwa unapukutisha majivu juu ya vidole vyake. "Mama," Quyết alisema. "Baba, mama yuko..."

Hakumaliza. Thoa alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la nem, na akaona kwamba hataweza kumaliza hata akisubiriwa mpaka kesho. Mkwe hasemi mbele ya meza ile. Hata kupanga matunda huelekezwa. Akaliweka sinia chini, akapiga magoti palepale alipokuwa.

"Baba," alisema, "mama yuko kwenye nyumba ya wazee nyuma ya tanuri za matofali, chumba cha nyuma, kitanda cha dirishani. Ana kidonda kiunoni kimeoza. Sasa hivi ana homa na haitiki akiitwa. Tumewadanganya watu. Wewe sitakudanganya."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini, kikasikika nyumba nzima.

"Haya ndiyo mambo ya wakwe wa siku hizi," ilisema sauti ya kike kutoka pembeni.

"Wewe mama mkwe wako ulimwosha mara ngapi kabla hajafa?" Shangazi Mùi alimwuliza mwenye sauti bila kugeuka. Akanyoosha mkono ainuliwe. Alipomfikia Quyết, watu walidhani atampiga. Alivichukua vijiti vya udi mkononi mwake, akavichomeka kwenye chungu cha majivu, mahali pake. "Mficha maradhi," alisema, wala hakuumaliza msemo. "Nani ana pikipiki yenye mafuta?"

Walikwenda wengi, na nguo zao za karamu, manyunyu yanawalowesha. Mlinzi wa lango alipoona pikipiki zote zile alidhani kuna msiba. Toản akamwonyesha kitambulisho cha ofisi ya kata, ingawa hakuna aliyemwomba. Wakapita vyumba vya mbele, wakapita jiko. Shangazi Mùi akaingia wa kwanza, akafunua blanketi, akatazama. Wengine waliokuwa nyuma yake wakaziba pua, mmoja akatoka nje. Quyết alibaki kizingitini, ameshika mlango kwa mikono miwili.

Bi Nhàn uso ulikuwa mwekundu, midomo imekauka mpaka kupasuka. Thoa alimlowesha kwa kitambaa. Macho yakafunguka kidogo, yakazunguka, yakamkuta wifi yake.

"Nimerudi jana," alisema Bi Nhàn.

Thoa alimlowesha tena midomo.

"Kutoka Kusini," aliongeza. "Jana tu. Usimgombeze mtoto."

Shangazi Mùi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Safari ilikuwa ndefu, wifi?"

"Ndefu."

"Pumzika basi."

Ndipo Thoa alipoelewa kwamba mama aliujua uongo wote tangu mwanzo, akaulalia, akaulalia mpaka ukamtoboa.

Bi Tuyết alifika anahema. Daktari, ambaye siku zote kuitwa kwake kulitaka sahihi, alipatikana kabla chai ya ofisini haijapoa. Yakaja mashuka meupe, beseni jipya, wahudumu wa mbele ambao Thoa hakuwahi kuwaona huku. Daktari alipoingiza kibano kidondani kiligusa kitu kigumu. Akasema ni mfupa, na sumu imeshaingia kwenye damu. Apelekwe hospitali ya mkoa mara moja. Toản akaanza kumfokea Bi Tuyết habari za bango lake la langoni, wengine wakamsaidia kufoka. Ilikuwa fujo ileile ambayo Hậu alisema ndiyo dawa.

Hậu mwenyewe alisimama karibu na Thoa. "Ungewaleta mapema," alisema, bila ubaya.

"Nilijua," Thoa alisema. "Ulinieleza nikajua."

Walipokuwa wanamtoa mama kwa machela, yule bibi wa mlangoni, wa Ujerumani, alinyoosha mkono akashika nguo ya Shangazi Mùi. "Na mimi nigeuzwe," alisema. Shangazi hakumjua hata jina. Akamgeuza, yeye na Hậu, akamkunjia koti lake mgongoni kama mto. Kisha yule wa katikati naye akaita. Pikipiki zilikuwa zinanguruma nje, na watu wanamwita shangazi, naye anajibu, "Nakuja, nakuja," lakini haji.

Hospitalini wauguzi huchoma sindano na kutundika dripu. Kuosha na kugeuza ni kazi ya wenye mgonjwa. Jamaa walitandika mikeka chini ya kitanda na ukumbini. Waligombana nani abaki, nani ni wa kulaumiwa, nani alisikia kitu akanyamaza. Daktari wa hapo alikuwa kijana, amechoka, hakuahidi. Alisema mwili wa mzee huyu hauna akiba, wasubiri, lakini asilalie kidonda hata kidogo.

Bi Nhàn hakusema tena. Pumzi zake zilikuja fupifupi, kama za mtu anayepanda ngazi.

Mgongo wa Thoa ulikataa asubuhi ya pili. Akajaribu kuinama, akashindwa, akashika chuma cha kitanda. Wanawake wengine walikuwa wameteremka kununua uji. Alikuwepo Quyết, amekaa ukutani tangu jana, hajaimba, hajala.

"Njoo," Thoa alisema.

"Mimi?"

"Hakuna mwingine."

Hakuwahi kuugusa mwili wa mama yake tangu alipoacha kubebwa nao. Alisogea, akaweka ncha za vidole juu ya nyonga, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ni ya moto.

"Si hapo, hapo utamchubua. Weka kiganja chote. Mkono mwingine begani. Sasa mvute kuja kwako, taratibu, usimburute."

Mama alitoa sauti, si neno.

"Anaumia," Quyết alisema.

"Anaumia. Mgeuze."

Akamgeuza. Kidonda kikawa mbele ya macho yake, bandeji imelowa, na mara hii hapakuwa na mlango wa kuegemea. Alitazama. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana yote miwili ilikuwa imembeba mama. Thoa aliosha, akabadilisha bandeji, akasukuma mto nyuma ya mgongo.

"Mwachie polepole."

Akamwachia. Pumzi zilisita; wote wawili wakazisikiliza; zikaja tena.

"Atageuzwa tena lini?" Quyết aliuliza.

"Chupa hii ya dripu ikiisha."

Quyết akavuta kiti kidogo cha plastiki, akakaa karibu kabisa na kitanda, akaikazia macho ile chupa, tone baada ya tone, kama mtu anayeogopa kwamba akipepesa itaisha bila yeye.